Togwa, Pombe na Ndoo ya Chumbani

Mazungumzo haya yalitolewa kwa wageni wapya kutoka Afrika Mashariki na Kongo katika mtaa wa Al-Sulimaniyah, Jeddah, na kurudiwa wiki iliyofuata kwa wenzetu wa Al-Sulimaniyah ya Riyadh. Tumeyaandika kama yalivyosemwa.



Kila kundi jipya linapofika, nikishamaliza kueleza habari za ikama, laini ya simu na kutuma pesa nyumbani, kuna swali moja ambalo haliulizwi mbele za watu. Mtu hunisubiri mlangoni, kwa kawaida kijana, ananiinamia sikioni: "Mama, nikipika kidogo tu chumbani, ya kunywa mwenyewe, siuzi, kuna ubaya gani?" Leo nalijibu hadharani ili msinipange foleni mlangoni.

Jibu ni hapana. Hata lita moja, hata ya kuonja.

Kama jambo lingeishia hapo ningekaa chini tunywe chai. Lakini wengi wetu tumekua na vinywaji ambavyo leo si pombe na kesho kutwa ni pombe. Mtu anaweza kulala akiwa na kinywaji cha watoto chini ya kitanda, akaamka na kosa la jinai. Kwa hiyo nataka mjue kinachotokea ndani ya ndoo. Mimi nimezaliwa Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, na mama yangu alikuwa mpika mbege. Ndizi zimeiva zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa, zinachujwa, kisha unaingia uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe kwa ajili ya uchungu. Mama hakuwa na kipimo wala saa ya ukutani. Alikuwa na sikio. Aliinama juu ya pipa akasikiliza povu linavyonong'ona, akasema: bado, au: tayari.

Kila mmoja wenu ana saa kama hiyo kwao. Mtu wa Pwani, tembo la mnazi likishuka asubuhi ni tamu, jioni ni kali, ukilisahau siku kadhaa ni siki ya kutia kwenye kachumbari. Ndugu wa Uganda kusini-magharibi wana bushera: ikiwa mpya wanapewa watoto, ikikaa siku tatu nne inakuwa ya wazee. Watu wa Katanga wana munkoyo, nayo ni hivyo hivyo, tamu kwanza, kali baadaye. Hakuna aliyeongeza kitu. Ni muda tu, na joto.

Kazi inafanywa na hamira. Hamira ni kiumbe hai, mdogo asiyeonekana kwa jicho, na yuko kwenye maganda ya matunda, kwenye nafaka na hata hewani. Akikuta sukari kwenye maji anaila, anatoa hewa, na anatoa kileo. Hewa ndiyo povu. Wapika pombe wana hesabu rahisi: kila gramu 17 za sukari katika lita moja, zikiliwa zote, zinatoa takriban asilimia 1 ya kileo. Juisi ya tofaa ya dukani ina kiasi cha gramu 100 za sukari kwa lita. Piga hesabu mwenyewe. Inakaribia asilimia 6, ambayo imezidi bia nyingi mlizokuwa mnakunywa Nairobi au Bujumbura.

Nimewapa hesabu hiyo makusudi. Juisi ya tofaa ni halali, hamira ya mkate ni halali, sukari ni halali, na vyote viko supamaketi moja, labda kwenye rafu zinazotazamana. Mtu anadhani kwa kuwa amenunua vitu halali, alichonacho ni halali. Kosa liko kwenye kuvichanganya na kusubiri. Na hapa husubiri sana. Kibosho kuna baridi, mbege inachukua siku. Jeddah wakati wa kiangazi joto linapanda hadi nyuzi 40, na chumba kisicho na kiyoyozi ni kama tanuri la mikate. Togwa ambayo nyumbani ingekaa siku mbili, hapa alasiri moja inaweza kuiharibu.

Juu ya sheria sitawachosha. Pombe imepigwa marufuku katika nchi hii: kupika, kuuza, kubeba, kunywa. Kwa wageni mlango ulifungwa kabisa mwaka 1952, baada ya tukio la hapa hapa Jeddah mwishoni mwa 1951, pale mwana wa mfalme aliyekuwa amelewa alipompiga risasi makamu wa balozi mdogo wa Uingereza akamuua. Wengine mtaniambia, "Mama, mimi Mkristo." Najua, hata mimi. Sheria haiulizi unasali wapi. Wengine watasema wamesikia kuna duka Riyadh. Ni kweli, lilifunguliwa mwaka 2024 katika mtaa wa mabalozi, kwa ajili ya wanadiplomasia wasio Waislamu. Kama mfukoni una pasi ya kidiplomasia, basi umekosea mkutano. Na ule uvumi wa 2025, kwamba mwaka unaofuata pombe ingeruhusiwa hotelini, afisa wa serikali aliukanusha. Msijenge maisha yenu juu ya ujumbe wa kusambazwa kwenye simu.

Mwaka 2014, hapa Jeddah, mzee mmoja wa Kiingereza, mtu wa zaidi ya miaka 70 aliyekuwa ameishi nchi hii miaka mingi, alikamatwa akiwa na chupa za mvinyo wa kutengenezwa nyumbani ndani ya gari. Alikaa gerezani zaidi ya mwaka. Magazeti ya London yalipiga kelele, serikali yake ikaingilia, akaachiwa mwishoni mwa Oktoba 2015. Huyo alikuwa na magazeti na serikali nyuma yake, na bado mwaka ulipita. Wewe una nani? Kwa mgeni wa kawaida kinachofuata ni kifungo, kisha ndege ya kurudi nyumbani na mlango kufungwa nyuma yako. Deni la wakala linabaki pale pale. Ada ya mtoto inabaki pale pale.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Wengi wanaokamatwa na ndoo chumbani si wapikaji hodari. Ni wageni. Utakuwa na miezi miwili, mshahara umechelewa, au umetoka kwa mwajiri kwa ugomvi na sasa mnalala watu sita chumba kimoja. Atakuja mtu wa lugha yako, mchangamfu, atakuita ndugu, atakusaidia kodi ya mwezi mmoja. Kisha ataomba jambo dogo: "Niwekee hizi ndoo mbili kwa wiki moja, ni juisi tu." Hakuombi upike wala uuze. Anachotafuta ni jina lako kwenye mlango. Polisi wakiingia, mwenye chumba ndiye mwenye ndoo, na yule ndugu simu yake haipatikani.

Utazijua ndoo hizo. Kifuniko kimeachwa wazi kidogo au kimetobolewa mrija. Kuna harufu ya mkate mbichi na tunda lililooza. Ukiweka sikio unasikia vipovu. Chupa ya plastiki ikifungwa sana inakuwa ngumu kama jiwe, na ya kioo hupasuka usiku ikarusha vipande ukutani. Nimeona mkono wa binti aliyepitiwa na chupa ya namna hiyo, na hakuwa ameipika yeye. Mwambie huyo ndugu: chumba hiki si changu peke yangu. Ni jibu la adabu, na ni kweli. Kama umekwisha kukubali, njoo kwetu leo, usisubiri wiki iishe. Hatuitii mtu polisi hapa, na hatumwambii mwajiri. Balozi za Kenya, Uganda na Tanzania zipo Riyadh, na tunajua jinsi ya kuzipigia.

Nisisahau wale wanaofanya kazi majumbani. Dada, ukitengeneza chochote cha kuchacha, hata kama ni uji tu, kitengeneze jikoni mchana, mbele ya mama mwenye nyumba. Mwonjeshe. Mwambie kwetu kinaitwa togwa, kimetokana na unga huu hapa. Uji uliofichwa nyuma ya nguo kabatini ni kesi hata ukiwa mtamu kama maziwa.

Pombe yenyewe ya kuchacha, pamoja na matatizo yake yote, mara chache humuua mtu kwa glasi moja. Kinachoua ni ile inayotoneshwa kwa mvuke na kuuzwa ndani ya chupa za maji ya kunywa. Hapa wanaiita sadiki, yaani "rafiki yangu" kwa Kiarabu. Ni ndugu wa gongo, chang'aa, waragi na lotoko. Hujui nani aliipika, na hujui aliiongezea nini. Ndizi na nafaka zikichacha zenyewe hutoa methanoli kidogo mno. Mauaji makubwa hutokea pale muuzaji anapoongeza spiriti ya kiwandani ili dumu moja liwe matatu. Nairobi, Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa mitaa ya Mukuru na jirani zake. Kabale, Uganda, mwaka 2010, zaidi ya 80. Na msidhani ni mambo ya kwetu tu: Agosti 2025, hapo Kuwait, Wizara ya Afya ilitangaza watu 160 waliopewa sumu na pombe ya magendo, 23 wakafa, na wengine wakapoteza macho. Wengi wao walikuwa wafanyakazi kutoka Asia. Watu kama mimi na wewe, waliokuja kutafuta.

Methanoli haina ladha ya kukuonya. Mtu atakuambia, "Washa moto, ukiwa wa buluu ni safi." Methanoli nayo huwaka buluu. Vijiko viwili vya chai vinaweza kupofusha. Ubaya wake mwingine ni kwamba inachelewa: unalewa kawaida, unalala, na baada ya nusu siku au siku nzima ndipo kichwa kinauma, tumbo linakaza, unatapika, unahema haraka, macho yanaona ukungu kama theluji inaanguka. Ukimwona mwenzako hivyo, usimpe maziwa, usimwambie alale itapita. Piga 997, hiyo ni Hilali Nyekundu, au 911 ambayo inafanya kazi Riyadh na huku mkoa wa Makka. Mwambie daktari ukweli kwamba amekunywa. Ipo dawa ya kuzuia sumu hiyo na ipo mashine ya kusafisha damu, lakini kila saa inayopita inachukua sehemu ya macho yake. Najua hofu iliyopo. Nimeona watu wanamwacha mwenzao chumbani kwa kuogopa maswali ya polisi. Mtu anaweza kutoka gerezani. Jicho likishakufa halirudi.

Basi, tuache habari za vifo, tunywe kitu.

Togwa inawezekana hapa, na ni tamu kuliko ya dukani kwetu kwa sababu umeitamani. Loweka ulezi mzima usiku kucha, umwage maji, uutandaze kwenye kitambaa kibichi siku mbili au tatu hadi uote. Anika, saga: hicho ni kimea. Pika uji mwepesi wa mahindi au mtama, lita mbili hivi, uive kabisa. Uache upoe mpaka kidole kivumilie. Hapo ukoroge konzi moja ya kimea. Ndani ya nusu saa utaona muujiza mdogo: uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu bila sukari, kwa sababu kimea kinavunja wanga na kuugeuza sukari. Wengi wanapenda kuinywa papo hapo. Ni halali ya mtoto.

Ukitaka uchachu, funika kwa kitambaa safi, usikaze kifuniko, uache saa sita mpaka nane chumba kikiwa na joto la kawaida. Bakteria wanaotoa uchachu hukimbia haraka kuliko hamira. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, waliochunguza togwa walikuta ndani ya siku moja asidi imepanda sana, na hiyo asidi ndiyo inayozuia vijidudu vya kuhara. Lakini walikuta hamira nayo imo. Ndiyo maana usiache mambo yaendelee. Ikifika uchachu unaoupenda, irudishe jikoni, ichemke dakika chache, ipoe, iingie friji, iishe ndani ya siku mbili. Kuchemsha kunaua wafanyakazi wote, wazuri na wabaya, saa inasimama. Usiongeze hamira ya mkate. Usiongeze sukari halafu uiache kaunta. Ukifungua asubuhi ukakuta povu na inakupiga puani, usijadiliane nayo. Imwage.

Wenyeji wa Hijazi wataelewa mazungumzo haya kuliko unavyofikiri. Ramadhani utaona sobia ikiuzwa kwenye mifuko ya plastiki, nyeupe na nyekundu, inatengenezwa kwa shayiri au mkate mkavu, sukari, iliki na mdalasini. Hiyo ni binamu wa togwa. Nao husema: inywe baridi, inywe mapema, ikianza kutoa povu imekwisha. Waislamu wenzetu wanaijua pia nabidhi, tende au zabibu zilizolowekwa majini. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume alikunywa iliyolowekwa hadi siku ya tatu, na iliyobaki ikamwagwa. Kwa hiyo ukimweleza mwenye nyumba kuwa togwa yako ni ya jana na unaichemsha, humwelezi jambo la kigeni.

Kwa mwenye hamu ya kitu chenye mapovu na tofaa, ipo wanayoiita shampeni ya Saudia. Jagi, barafu, juisi ya tofaa nusu, maji ya soda nusu, vipande vya tofaa na chungwa, majani ya nanaa. Inatengenezwa mezani na inaisha mezani. Na zile chupa za kinywaji cha shayiri kisicho na kileo, wenyewe wanaziita bira, zipo kila duka; zina ladha ya tofaa, komamanga, hata limau. Baba mmoja wa Arusha aliniambia ni kama kumbusu dada yako. Nilicheka, lakini Ijumaa jioni anainunua, anaweka miguu juu, anampigia mkewe.

Maswali mawili niliyopata mwisho, nayarudia kwa wote.

Dada mmoja aliuliza juu ya kinyunya cha mandazi kinacholala na hamira usiku. Hicho ni unga, kinakaangwa, na kileo kidogo kilichomo huruka kwenye mafuta. Kaanga bila wasiwasi. Ila usiache maji ya hamira na sukari kwenye chupa ukisema utayatumia wiki ijayo.

Kaka mwingine aliuliza ulezi unapatikana wapi. Usiulize "ulezi" wala "mbege," hawatakuelewa. Nenda kwenye duka la Wahindi useme ragi, na hakikisha ni mzima, si unga, kwa sababu unga hauoti. Ukikosa, mtama unaitwa dhura na mawele yanaitwa dukhn, na yote mawili yanaota vizuri. Loweka Jumatano usiku, Jumamosi kimea kiko tayari kuanikwa.